Upepo Kwanza, Maua Baadaye

Siku hizi ukiingia kwenye apatimenti mpya huku Nyali, Bamburi mpaka Mtwapa, kuna kitu utakikuta karibu kila pahali: ukuta mmoja wa sebule umebandikwa majani ya plastiki, kwenye kona pana maua yasiyotaka maji, madirisha yamefungwa na eisi inanguruma kutwa. Ukiuliza unaambiwa ndo mtindo, ni kuingiza mazingira ya asili ndani ya nyumba, wabunifu wanaiita biofilia. Wazo lenyewe mie nalipenda sana, ndo maana naandika. Lakini tumeanzia mwisho jamani. Kwa mji kama Mombasa kitu cha kwanza cha asili ambacho mwili unakitaka ni upepo, alafu kivuli, alafu mwanga, maua yaje baadaye, na hivo vitatu vinaamuliwa siku ramani ya nyumba inachorwa, si siku ya kwenda kununua mapazia.

Wako wanaoona haya ni mambo ya matajiri, urembo tu. Si urembo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, wote walikuwa wamefanyiwa opresheni ya kutolewa kifuko cha nyongo. Nusu yao dirisha la chumba lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walikaa hospitali wastani wa siku 7.96 baada ya opresheni, wale wa ukuta siku 8.70, na wale wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Na mti wenyewe hawakuugusa wala kukaa chini yake, waliuona tu dirishani.

Sasa nenda Kisauni, Bombolulu, Mikindani, uangalie madirisha yetu yanatazama nini. Ploti ya futi hamsini kwa mia inajengwa mpaka kwenye mpaka, jirani naye anajenga mpaka kwenye mpaka, ghorofa nne tano kwenda juu, na katikati pamebaki upenyo ambao hata mtu mnene hapiti. Dirisha la chumba cha watoto linafunguka kwenye ukuta na bomba la choo. Mchana taa inawashwa. Nguo hazikauki, ukuta unaota ukungu, mtoto ana kifua kila mwezi, na kama kuna mtu ana TB kwenye chumba kama hicho basi walio nae wako hatarini zaidi, manake vijidudu vyake vinasafiri hewani na hewa yenyewe haiendi popote. Landlodi naelewa hesabu yake, ploti ni ghali, kila futi anataka ilipe kodi. Lakini hiyo futi aliyoibana inalipwa na mpangaji kwa tokeni za stima na kwa hospitali, miaka yote atakayokaa humo.

Ukitaka kuona watu wanatafuta nini, nenda Mama Ngina jioni, ule uwanja wa kando ya bahari pale Kizingo. Wamejaa, familia nzima nzima, mihogo ya kukaanga na pilipili, madafu, watoto wanakimbia, mbele bahari, nyuma mibuyu iliyokuwepo kabla ya sisi sote. Mihogo inauzwa kila mtaa, si hiyo wanayoifuata. Mie naamini wengi pale wametoka kwenye vyumba visivyokalika, wamekuja kuvuta pumzi, na sioni kwa nini mtu alipe kodi ya mwezi mzima alafu pumzi aifuate Kizingo.

Wazee wetu hili walilijua vizuri. Tembea Mji wa Kale, Kibokoni pale, saa saba mchana. Vichochoro vyembamba, nyumba zinatiliana kivuli. Kuta za matumbawe na chokaa, nene, joto linachukua muda kuzipenya. Dari za boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka mbali, kama mita 3 hivi, vyumba vikawa vyembamba, na chumba chembamba ukikipa uwazi pande mbili upepo unakivuka bila taabu. Juu roshani za mbao zenye nakshi na vitundu, wa ndani anaona njia bila kuonekana, hewa inapita, jua linaingia limekatwakatwa. Nyumba nyingine zina ua, na uani pana mrihani, pana asumini ambayo inafunguka jua likizama na nyumba nzima inanukia. Harufu nayo ni sehemu ya haya mambo, na kwenye hizo apatimenti za plastiki sijawahi kuisikia. Sisemi turudi kuishi vile vile, vyumba vya chini vya baadhi ya zile nyumba vina giza na unyevu, na nyumba ya matumbawe isipopakwa chokaa mara kwa mara inaliwa na hewa ya chumvi. Nasema tu akili ile ilikuwa ya hapa.

Manake kuna kuiga pia. Watu wanapenda kutaja Eastgate Centre kule Harare, jengo la mwaka 1996 la mbunifu Mick Pearce, lililochukua somo kwa vichuguu vya mchwa, linajipoza bila eisi za kawaida. Ni jengo zuri sana na naliheshimu. Lakini Harare iko juu, usiku kuna baridi, jengo linavuta ile baridi na zege linaitunza mpaka mchana. Mombasa usiku wa mwezi wa pili au wa tatu baridi hiyo utaitoa wapi? Zege letu linakunywa jua kutwa alafu usiku linakutemea wewe kitandani, chumba kinakuwa tanuri la mikate. Kwetu sie dawa ni kulizuia jua lisifike ukutani na kuuacha upepo upite. Makuti yalifanya kazi hiyo, hayahifadhi joto na hewa inapenya, japo moto ndo adui yake na kwenye mitaa iliyobanana ni hatari. Saa hizi makuti tumewaachia mahoteli ya watalii.

Fundi yeyote mzuri wa hapa anajua Mombasa iko kama digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hivo jua la asubuhi linapiga ukuta wa mashariki na la alasiri linapiga wa magharibi, mwaka mzima. Basi hizo pande mbili zipewe madirisha machache na kivuli kingi, veranda, mti, hata ngazi za nyumba ziwekwe upande huo. Upepo nao tunaujua kwa majina, kaskazi kuanzia karibu na mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu hivi, alafu kusi inashika miezi ya katikati. Mmoja unatoka kaskazini mashariki, mwingine kusini mashariki. Chumba kiwe na dirisha la kuingilia upepo na pahali pa kutokea, hata kama ni matundu juu ya mlango tu, manake dirisha moja peke yake upepo unafika unagonga unarudi. Hapa ndo nyumba nyingi zinaharibika.

Kuna mtu ataniuliza mbu je. Swali la haki. Wavu unapunguza upepo, kwa hivo dirisha liongezwe ukubwa, na huo uamuzi ni wa kwenye ramani tena. Na hivo visahani vya chini ya vyungu vya maua vimwagwe maji, mbu wa dengi anazaa hata kwenye maji kidogo hivo na Mombasa dengi tumeijua.

Na nisisikie tena ule uongo wa kwamba mimea miwili mitatu ya sebuleni inasafisha hewa ya nyumba. Ulitokana na jaribio la NASA la mwaka 1989, mimea iliwekwa kwenye vyumba vidogo vilivyozibwa. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha Drexel walipitia majaribio kama hayo wakakuta ungehitaji mimea kuanzia 10 mpaka 1,000 kwa kila mita mraba ili kufikia kile ambacho kubadilika kwa hewa tu kwenye jengo kinafanya. Weka mmea kwa sababu macho yanaupenda na moyo unatulia, hiyo inatosha kabisa. Hewa fungulia dirisha.

Anayeniambia ploti yake ni mwamba mtupu haioti kitu namuelekeza Bamburi. Yale machimbo ya kiwanda cha simiti yalikuwa jangwa la matumbawe kabisa, mwaka 1971 René Haller akaanza kujaribu miti, aina 26, zikashika 3 tu. Mvinje ndo ulifanya kazi kubwa, majani yake yakaanguka, jongoo wakayala wakageuza udongo, leo ni msitu na twiga wamo. Kama pale pameota, mwarobaini mmoja kwenye uwanja wa apatimenti utashindwa na nini? Kinachoshinda ni kwamba uwanja wote umemwagwa simiti ya kupakia magari.

Mie nataka kaunti ikatae ramani yoyote ambayo chumba cha kulala dirisha lake linatazama ukuta ulio karibu hivo, ikatae kweli, na ije iangalie jengo likishaisha kama ndo lile lililochorwa. Na sie wapangaji tuanze kuuliza. Kabla hujalipa depositi usiende kuangalia nyumba asubuhi wala jioni, nenda saa nane mchana, mwambie keateka azime feni, fungua madirisha yote na milango, ukae humo robo saa, usimame pale kitanda kitakapokaa uone kama kuna hewa inayokupita, kisha umuulize mbele ya landlodi ile ploti tupu ya pembeni ni ya nani na itajengwa lini.