Mwinyi alijiuzulu, lakini utesaji bado hauna jina katika sheria yetu

Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, karibu kila rambirambi niliyoisikia hapa Mwanza ilitaja jambo lilelile: huyu ndiye waziri aliyejiuzulu. Sifa hiyo anaistahili. Kinachonikera ni kwamba tunaisimulia hadithi ya kujiuzulu kwake kana kwamba yeye ndiye mhusika mkuu, na watu waliokufa hatuwataji kabisa. Na watu wenyewe walifia huku kwetu.

Katika miaka ya 1970 Usukuma ulitikiswa na mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi. Wengi wao walikuwa vikongwe, akina bibi ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Serikali iliamua kuwasaka wauaji, na kwa hilo haikukosea. Lakini mwaka 1976 msako ulipofika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maafisa usalama waliwakamata watu wengi, wakawahoji kwa kuwatesa, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa dola. Ukweli ulipotoka, Januari 1977 Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliachia ngazi pamoja na waziri mwenzake aliyesimamia usalama na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maafisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Mwaka huohuo wa 1976, mwezi Juni, Tanzania ilikuwa imejiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Ibara ya 7 ya mkataba huo inakataza mtu yeyote kuteswa, na haina "isipokuwa" ndani yake, hata wakati wa hali ya hatari. Kwa hiyo hatuwezi kujitetea kwamba zamani zile dunia haikuwa na sheria ya jambo hilo. Sheria ilikuwepo, nasi tulikuwa tumeikubali.

Vijiweni kwetu nimewasikia wazee wakisema tofauti. Kwamba tangu polisi washtakiwe, dola iliogopa kuwagusa wauaji, na ndiyo maana mapema miaka ya 1980 wananchi wa Shinyanga wakaanzisha Sungusungu wajilinde wenyewe. Siwapuuzi, maana wao walizika ndugu. Lakini hoja yao inachukulia kwamba aliyepigwa hadi akakiri ndiye aliyeua. Mtu anayening'inizwa hasemi ukweli, husema chochote kitakachofanya wamshushe. Akisaini, jalada linafungwa, na aliyemkata bibi kwa panga anabaki kijijini akisubiri kutumwa tena. Mateso hayamlindi kikongwe yeyote. Yanampa muuaji likizo.

Tazama pia jinsi mambo yanavyokwenda leo. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa kwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yapokelewe mahakamani, mradi yametolewa kwa hiari, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha hiari hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa nne za mahojiano, zinazoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Kwenye karatasi ni ulinzi mzuri. Mshtakiwa akiyakana maelezo, kesi kuu inasimama na kesi ndogo inaendeshwa ndani yake: askari anaapa kwamba hakumgusa, mshtakiwa anaapa kwamba alipigwa. Ushahidi wa tatu uko wapi? Majeraha yalishapona rumande. Na fomu ya kutibiwa mtu aliyeshambuliwa, PF3, inatolewa wapi? Kituo cha polisi. Aliyepigwa na polisi anatakiwa aende kwa polisi akaombe karatasi ya kuthibitisha kwamba polisi wamempiga. Kila ninapolifikiria hilo nashindwa kuelewa tunawezaje kulizoea.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inasema ni marufuku mtu kuteswa. Lakini Kanuni ya Adhabu haina kosa linaloitwa utesaji. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtesa mtoto. Mtu mzima akiteswa kituoni, atakayeshtakiwa atashtakiwa kwa shambulio, au kujeruhi, au kuua bila kukusudia kama mtu amekufa. Makosa hayohayo angeshtakiwa nayo mlevi aliyepigana kilabuni. Mimi nakataa kwamba hayo ni matendo yaleyale. Aliyepigwa kilabuni anaweza kukimbilia polisi. Aliyefungwa pingu na polisi hana pa kukimbilia, na anayemuumiza anakula mshahara wa kodi zetu.

Sheria ya kimataifa imeenda mbali zaidi ya mwenye rungu, inamtafuta na bosi wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jenerali Yamashita wa Japani alihukumiwa kwa sababu ya ukatili wa askari wake kule Ufilipino, akanyongwa Februari 1946. Kesi ile ililaumiwa, na kwa haki, kwa kuwa ilikwenda haraka mno na haikuonyesha vizuri alijua nini. Kutokana na lawama hizo kanuni iliboreshwa hadi ikaeleweka hivi: mkuu anawajibika kijinai kama alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu, na hakuzuia wala hakuwaadhibu. Kanuni hiyo ilitumika hapahapa nchini. Mwaka 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, kifungo cha maisha, na wajibu wake kama mkubwa wa wengine ulikuwa sehemu ya hatia aliyoikubali.

Simlinganishi Mwinyi na watu hao hata kidogo. Yeye hakuagiza mtu ateswe, na alifanya jambo ambalo wengi wenye vyeo hawalifanyi. Ninachosema ni kwamba kujiuzulu ni uwajibikaji wa kisiasa, unategemea dhamiri ya mtu. Akitokea mkubwa asiye na dhamiri hiyo, raia anabaki na nini? Hapo ndipo sheria inapotakiwa kuwa imeshaandikwa.

Majirani zetu wa ziwa hili wameiandika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji ulipitishwa Desemba 1984. Uganda ilijiunga mwaka 1986, Kenya mwaka 1997. Uganda ikatunga sheria yake ya kuzuia utesaji mwaka 2012, Kenya mwaka 2017. Rwanda na Burundi nazo zimo katika mkataba huo. Sisi, wenyeji wa mahakama ya Rwanda kwa miaka ishirini na wenyeji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, tuko nje. Mvuvi wa Kisumu akiteswa na askari, kosa lina jina na adhabu yake. Mvuvi wa Ukerewe, anayetupa nyavu kwenye maji hayohayo, hana kitu hicho.

Naambiwa kuridhia mkataba ni kujifunga kwa wazungu. Mkataba huo unataka nini hasa? Utesaji uwe kosa la jinai, malalamiko yachunguzwe na mtu asiye na upande, na maelezo yaliyopatikana kwa mateso yasitumike mahakamani isipokuwa dhidi ya mtesaji. Nani kati yetu, akimfikiria mwanawe yuko lokapu, atakataa hata moja kati ya hayo matatu?

Wabunge wa Kanda ya Ziwa ndio ningependa walianzishe, kwa sababu waliokufa mwaka 1976 walikuwa watu wa kwetu. Wasisubiri serikali, Bunge linaruhusu muswada binafsi. Na wakitaka mahali pa kuanzia, waisome sheria ya Uganda, hasa kifungu kinachomwajibisha afisa mkubwa kwa utesaji uliofanywa na wa chini yake aliokuwa anaujua au alipaswa kuujua.