Zawadi ya DJ Nayo Iandikwe

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mjumbe wa kamati inayochangisha fedha za upasuaji wa watoto. Kwa upole kabisa alinieleza walipofikia: ukumbi umeshalipiwa, mpambaji amepewa advansi, mpiga picha amepatikana, chakula kimeagizwa. Kisha akafika kwangu. "Kwa upande wa muziki, kaka, tumeona wewe utusaidie tu, maana kwako ni kubonyeza. Kutoa ni moyo."

Niliusikiliza tena nikidhani kuna kipande kimenipita. Hakikunipita. Kila aliyetajwa mle atarudi nyumbani na malipo yake, isipokuwa mwenye spika.

Naandika nikiwa na hasira, lakini niseme mapema, asije mtu akaniita mchoyo: kazi za hisani nazipiga, na zipo ninazozipenda kuliko harusi yenye donge nono. Watu waliokuja kutoa hucheza tofauti na watu waliokuja kula. MC akishataja kiasi kilichobaki, ukumbi ukawa kimya kidogo, unapandisha wimbo mmoja ambao wazee na vijana wote wanaujua, na yule aliyejificha nyuma tangu mwanzo anainuka kwenda mbele na bahasha yake. Hilo halitokei kwa bahati. Kuna mtu amekaa pale nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, akiwasoma watu kwa saa mbili ili ajue dakika hiyo ni ipi.

Na muziki na kuchangishana ni ndugu wa siku nyingi. Sherehe ya 11 Agosti 1973 pale 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, ambayo wengi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop, iliandaliwa na Cindy Campbell ili apate fedha za nguo za shule. Wasichana walilipa senti 25 mlangoni, wavulana 50, na kaka yake, DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Alikuwa anamsaidia dada yake. Hakuna aliyehitaji kumwandikia ankara. Lakini rudi nyuma zaidi, Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, miaka ya 1920. Wapangaji walioshindwa na kodi walifungua milango ya nyumba zao, wakatoza kiingilio na kuita wapiga piano, wakiwamo Fats Waller na James P. Johnson. Wapiga piano wale walilipwa. Mwenye nyumba anadai, fedha hakuna, na bado mpiga piano analipwa, kwa sababu bila yeye hakuna atakayekuja, na asipokuja mtu kodi haipatikani. Watu waliokuwa karibu kutolewa vitu nje waliliona jambo hili waziwazi, na kamati yenye mpambaji wa kulipwa hailioni.

Sasa hilo la kubonyeza. DJ anayetembea na vyombo vyake, kazi yake ya muda wa saa nne inaanza asubuhi: kuchaji maiki, kukagua nyaya moja moja, kupakia, kuendesha, kupandisha sabwufa ngazini, kufunga, kujaribu sauti. Wageni wakishaondoka na kamati ikishapiga picha za mwisho, sisi ndio tunaanza kukunja nyaya. Na kamati ikibadili mawazo siku za mwisho, ikatoka ukumbini kwenda uwanjani kwa sababu wageni wameongezeka, hesabu yote inageuka. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili unapata desibeli 3 tu. Maana yake, kumfikia mtu aliyekaa mbali mara mbili kwa sauti ileile unahitaji nguvu mara nne. Spika hizo za ziada nazikodi kwa mtu mwingine, na jenereta kubwa pia. Hao hawakuombwa hisani, na hawatoi.

Kinachoniuma zaidi hapa ni vijana wanaonisaidia. Wanabeba, wanafunga, wanalinda vyombo usiku kucha, na siku hiyo ndiyo riziki yao. Nikisema bure, jasho langu nimelitoa kwa hiari yangu. La kwao nimelitoa kwa idhini ya nani? Siku hizi nawauliza kwanza, kila mmoja peke yake, na asiyetaka namlipa kutoka mfukoni mwangu. Wenzangu ambao hamuwaulizi, tafadhali waulizeni.

Hata hivyo gharama si kiini cha ninachotaka kusema. Kiini ni kwamba zawadi isiyo na bei haionekani, na isipoonekana haiheshimiwi. Ukipiga bure bila karatasi, kwenye bajeti ya kamati mstari wa muziki unaandikwa sifuri. Baadaye anakuja mwenyekiti mwingine, anafungua daftari la hafla iliyopita, anaona muziki sifuri, na anaamini kwa dhati kabisa kwamba muziki haugharimu kitu. Anamtafuta DJ mwingine, labda kijana ambaye bado analipia mkopo wa vyombo vyake. Kijana akitaja bei, anaonekana mroho: mbona mwenzako alitufanyia bure? Ukarimu wangu wa mwaka huu unageuka kuwa kidole cha kumnyooshea mwenzangu mwaka ujao. Hilo silitaki kabisa.

Halafu tazama siku yenyewe. Aliyelipwa ana mkataba, na mkataba una saa. Aliyekuja kusaidia hana saa. Hotuba zikirefuka, ni yeye anayeambiwa avumilie. Meza yake ndiyo inayohamishwa kumpisha mgeni aliyechelewa. Nakumbuka hafla moja ya namna hii ambapo soketi niliyoahidiwa niliikuta imeunganishwa na mashine za kupashia chakula. Nilimwambia kila niliyemwona ana beji ya kamati, na kila mmoja akasema muulize fulani. Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha yeyote. Umeme ukakatika wakati mama wa mtoto mgonjwa anazungumza. Alibaki amesimama na maiki iliyokufa mkononi, watu wa nyuma wakaanza mazungumzo yao, na hadi tunarudisha sauti, yale aliyokuja kuyasema yalikuwa yameshapita. MC alimshukuru, ratiba ikaendelea.

Jamani, mama yule alikuja kuombea maisha ya mwanawe. Fedha za hafla nzima zilikuwa zinategemea dakika zile za mazungumzo yake kuliko zilivyotegemea mapambo, chakula na picha. Na katika hafla nzima, kitu pekee kilichokuwa kinambeba kuwafikia watu wale ni sauti, yaani kitu pekee ambacho kamati haikukilipia na kwa hiyo haikukipangia. Mtu akiniambia kwamba DJ wa bure anaiokolea hafla fedha, hilo ndilo linalonijia kichwani. Tuliopoteza siku ile tulikuwa sisi wenye vyombo kwa kiasi kidogo sana. Aliyepoteza hasa ni mtoto.

Kwa hiyo mimi naandika ankara kamili hata ninapotoa. Vyombo, usafiri, wasaidizi, saa za kazi, kila kimoja na bei yake ya siku zote, bila kuikuza ili punguzo lipendeze. Chini yake naandika punguzo. Mara nyingi nasamehe malipo yangu na kubakiza mafuta na wasaidizi. Mara nyingine nasamehe yote. Kisha ukurasa mmoja wa makubaliano: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, soketi yangu peke yangu, meza, jina la mtu mmoja ambaye amri zote zitapitia kwake. Mwenyekiti anasaini. Kamati iliyosaini karatasi ya namna hiyo huniuliza mapema nahitaji nini, na soketi naikuta wazi.

Nia njema isiyo na karatasi imewaumiza hata wakubwa. Tamasha la Bangladesh la 1 Agosti 1971 pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York, lililoandaliwa na George Harrison wa bendi ya Beatles na Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, wanamuziki walipiga bila malipo kwa ajili ya wakimbizi. Lakini utaratibu wa kisheria wa hisani haukuwa umekamilishwa mapema, na sehemu kubwa ya fedha zilizofuata ilikwama kwa miaka mikononi mwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Watu waliokuwa na njaa walisubiri karatasi.

Zipo hafla ambazo sitoi ankara, nakubali. Jirani kapata ajali usiku na watu wanakusanyika kesho yake. Kikundi kidogo ambacho wanachama wanapika wenyewe, wanafagia wenyewe, hakuna anayelipwa. Hapo nikidai hata mafuta nitakuwa nimekosa utu. Kipimo changu ni hicho tu: kama wote wanatoa, nami natoa na sisemi neno. Na niongeze, kwa shingo upande, kwamba Marekani kuna hoja nzito upande wa wanaotaka DJ apige bure: sheria yao ya hakimiliki, kifungu cha 110(4), huisamehe hafla ya hisani ruhusa ya wenye nyimbo kwa masharti fulani, na mojawapo ni kwamba wapigaji, wahamasishaji na waandaaji wasilipwe chochote kwa onyesho lile. Tazameni lakini sharti lenyewe. Linawataja na waandaaji. Nchi nyingine nyingi hisani peke yake haiondoi leseni ya muziki, na hiyo ni kazi ya kamati kuiulizia, si ya DJ kushtukizwa nayo mlangoni.

Kuhusu ahadi ya kwamba "utajitangaza", nimeshajitangaza vya kutosha.

Nasi ma-DJ tuna letu, na ni baya kuliko la kamati. Mtu anakubali kazi ya hisani, kazi ya kulipwa inatokea tarehe ileile, anazima simu. Au anamtuma mwanafunzi wake aliyeanza juzi, na spika zile za akiba zenye mkwaruzo. Ukishasema ndiyo kwa watoto wale, ndiyo yako ina uzito uleule wa bwana harusi aliyelipa yote mapema. Kama huwezi, kataa siku ya kwanza, watu watafute mwingine. Kukataa mapema ni msaada. Kukimbia siku ya mwisho ni kuwaibia, na hakuna punguzo lolote kwenye ankara linalofuta hilo.

Limebaki suala la risiti, maana wengi wananiuliza kama kazi waliyoitoa bure itawapunguzia kodi. Marekani, thamani ya muda na huduma yako haihesabiki kama mchango. Kinachoweza kuhesabika ni gharama ulizotoa mfukoni kwa ajili ya shirika linalotambuliwa, kama mafuta ya gari. Kanada nako huduma haihesabiki, lakini mamlaka yao ya kodi inakubali njia hii: shirika linakulipa kazi yako, unayatangaza malipo hayo kama mapato, kisha kwa hiari yako unachangia fedha na kupewa risiti. Kila nchi ina yake, muulizeni mhasibu.

Mimi njia hiyo ya Kanada naitaka hata pale ambapo risiti hainipi nafuu yoyote. Fedha inaingia, wasaidizi wanalipwa kutoka humo, sehemu yangu inarudi. Kwenye ripoti muziki unakaa upande wa matumizi na bei yake kamili, na mchango wangu unasomwa upande wa mapato pamoja na ya wengine. Mweka hazina akiona huo ni usumbufu, basi anilipe kama anavyomlipa mpiga picha, na nitaamua mwenyewe nitie kiasi gani kwenye boksi la michango.