Fotokopi inatula, stensili ilitutosha

Kila msimu wa mitihani ya majaribio, wazazi wa Dar tunaletewa mchango wa kupiga kopi. Huwa nalipa, ila nanung'unika. Kutoa karatasi moja kwa wanafunzi mia saba ndiyo kazi hasa inayoishinda fotokopi kwa bei: nakala ya mia saba inakula tona sawa na ya kwanza. Stensili ilikuwa kinyume chake. Jasho na gharama vilikuwa mwanzoni, baada ya hapo ni karatasi na wino tu.

Kwa vijana ambao hawakuikuta: stensili ilikuwa karatasi nyepesi iliyopakwa nta. Karani aliiingiza kwenye mashine ya taipu, akausogeza utepe pembeni, herufi zenyewe zikakata nta. Hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Ukipiga kwa woga, wino haupiti. Ukipiga kwa hasira, tumbo la "o" linadondoka, na kwenye nakala panatokea doa jeusi. Ukikosea unapaka dawa ya kufutia, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga upya juu yake. Kisha stensili inavishwa kwenye silinda ya Gestetner, mashine ya kurudufu, mtu anazungusha mkono, karatasi zinamiminika upande wa pili. Tena bila umeme, jambo ambalo kwa mji wetu huu si dogo.

David Gestetner, aliyeibuni mashine hiyo, alikuwa Mhungaria aliyehamia London, na sidhani kama aliwahi kuifikiria Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini ni kwa stensili wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi pale Chuo Kikuu, walipoanza kutoa jarida la Cheche mwaka 1969, bila kupigia magoti kiwanda chochote cha uchapaji. Septemba 1970 likatoka toleo maalumu la andiko la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Novemba mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku jarida lenyewe.

Wanaosema teknolojia hii imekufa hawajaiona riso ikifanya kazi. Mashine hiyo ya Kijapani ni stensili ileile: kichwa chenye joto kinatoboa vitundu kwenye masta, yaani stensili yake, masta inajizungushia silinda, wino unapenya. Inatoa nakala zaidi ya mia kwa dakika. Ndiyo, kuinunua ni ghali, na ukipitisha kidole mapema wino unakuchafua. Kwa nakala kumi usijisumbue, nenda fotokopi.

Ila shule tatu nne za kata moja zinashindwaje kuchangia riso moja? Nimewahi kujibiwa kuwa mtihani utavuja. Utavuja? Sasa hivi mwalimu anaupeleka kwenye flashi hadi steshenari, anaichomeka kwenye kompyuta ya mtu baki, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaosoma kioo.