Tusinunue Sponji kwa Kidole Gumba

Simama kidogo kwenye banda la ndala pale Majengo au Sabasaba, hapa Dodoma, uangalie watu wanavyonunua. Mteja anaokota ndala, anaibonyeza kisiginoni kwa kidole gumba, kidole kikizama anatabasamu: "Hizi laini." Bei inaanzia hapo. Kwenye mikeka ya sponji ya kuchezea watoto ni kidole kilekile, na kwenye magodoro mtu anaongeza ngumi. Maoni yangu ni kwamba kipimo hiki ndicho kinachotufanya tununue viatu kila baada ya miezi michache, na wenye viwanda wanakijua vizuri kuliko sisi.

Kidole kinakuambia jambo moja tu: sponji inazama kirahisi kiasi gani. Hakikuambii kama itainuka tena, wala itakuwaje ikibeba kilo 70 tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni.

Ndala nyingi, yeboyebo, na ile soli ya kati ya raba hutengenezwa kwa EVA, plastiki inayotokana na mafuta na gesi. Kiwandani huchanganywa na kemikali inayotoa gesi ikipata moto, mchanganyiko unaumuka kama donge la maandazi, na kinachobaki ni vipovu vidogo visivyohesabika, kila kimoja kimefungwa peke yake. Ukikanyaga, gesi inabanwa na kuta za vipovu zinapinda. Ukiinua mguu, zinanyooka. Kwa hiyo kinachokubeba ni ukuta wa kipovu. Anayetaka kubana gharama ana njia mbili rahisi: aongeze gesi ili malighafi kidogo ijaze kiatu kizima, au aongeze unga wa chokaa kwa kuwa ni bei chee kuliko EVA. Njia ya kwanza ndiyo inayokifurahisha kidole gumba. Kuta zinakuwa nyembamba, ndala inakuwa nyepesi na laini ajabu, na baada ya muda mfupi kuta hizo zimejikunja na hazinyooki tena. Mafundi wanasema soli imelala. Chukua ndala yako ya zamani uitazame kwa ubavu. Katikati ya mguu, pasipokanyagwa sana, bado ina unene wa dukani. Kisiginoni imebaki kipande. Si kwamba imelika tu, imebonyea ikakaa hivyo.

Dodoma nayo inaongeza ya kwake. EVA haipendi joto: hulainika kabla hata ya kufika nyuzi 100, na ile iliyotengenezwa harakaharaka huanza kusinyaa chini kabisa ya hapo. Yeboyebo ikianikwa juu ya bati saa saba mchana mwezi wa Oktoba, au ikisahauliwa ndani ya gari lililofungwa vioo, jioni inaweza kuwa imepungua namba nzima. Kuna mama nimemsikia akijisifu kuwa mwanawe kakua mguu wiki hiyohiyo. Anikeni kivulini, jamani.

Halafu kuna mbigili, ambazo kiangazi hapa kwetu zinakufuata hadi mlangoni. Sponji laini haiuzuii mwiba, inaupokea. Ikishalala kisiginoni, mwiba una milimita chache tu za kusafiri kabla haujakufikia.

Ndiyo maana siicheki katambuga. Mpira wa tairi hauna ulaini wa kuuzungumzia, lakini mfugaji aliyeuvaa alitembea kwenye mchanga, vumbi na njia ya ng'ombe, ardhi yenyewe ikipokea kishindo. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa kishindo chake mwaka 2016, mji umetandikwa zege, lami, vitofali vya pevingi na marumaru. Sakafu hizo hazinesi hata kidogo. Kazi yote iliyokuwa ikifanywa na udongo tumeitwisha sponji ya unene wa kidole, kisha tunainunua kwa kubahatisha.

Tunakimbilia mitumba tukiamini cha Ulaya kinadumu. Fundi mmoja wa viatu jirani na kazini kwangu alishika raba ya mtumba, juu inang'aa, akaipasua soli kwa kisu. "Kaka, angalia hapa." Ubavuni mwa kisigino kulikuwa na mikunjo myembamba ya mlalo, mmoja juu ya mwingine, na alipobonyeza pale pakabaki shimo. Wakimbiaji hushauriwa kubadilisha raba wakifikisha kati ya kilomita 500 na 800, hata kama juu bado inapendeza. Mwenyewe wa kwanza alishazimaliza kilomita zake, akaitupa. Sisi tunanunua sura.

Buti na viatu vya ofisini vina ugonjwa mwingine. Soli zao nyingi ni za poliyurethani, plastiki iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937, nayo ikiumuliwa ni ndugu wa sponji ya kwenye magodoro. Kuna aina yake inayoliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Kinatoka kwenye robota kama kipya, unakivaa kwenda harusini, soli inamegeka vipande kabla keki haijakatwa. Gundi haisaidii, maana kile inachokishika ndicho kinachomomonyoka. Kabla ya kulipa, kunja soli na uikwaruze kwa ukucha. Ikitoa chengachenga, rudisha.

Mtu ataniambia mbona wakimbiaji wakubwa wanavaa soli laini na nene. Ni kweli. Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, mbio zile zilikuwa na kanuni kwamba soli isizidi milimita 40. Lakini sponji za viatu vya mashindano vya siku hizi zinazama na kurudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani walipima kiatu kimoja cha namna hiyo wakakuta kinarudisha takriban asilimia 87 ya nguvu iliyokibonyeza, wakati kiatu cha mashindano cha kawaida cha EVA kilirudisha kama asilimia 66. Ndala ya kubonyea na kulala haimo kwenye mazungumzo hayo.

Sisi hatuna maabara, lakini mizani zipo. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 6, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.42. Muuzaji akidai densiti yake ni kilo 25 kwa mita ya ujazo, sponji peke yake inapaswa kuwa na kilo 10 na nusu hivi. Likiwa na kilo saba, umeuziwa hewa. Kwa ndala uzito hautoshi, kwa sababu chokaa nayo ni nzito. Hapo ikunje: ikiacha mstari mweupe, mara nyingi chokaa imezidi. Kisha ibane kwa nguvu, hesabu hadi 30, uachie na utazame inarudije.

Mikeka ya watoto, ile ya kuunganisha vipande, ipeperushwe nje siku kadhaa kabla ya kutandikwa. Ubelgiji iliipiga marufuku mwaka 2010 kwa sababu ya formamidi, kemikali inayobaki baada ya sponji kuumuliwa. Harufu kali ikigoma kutoka, usiilaze nyumbani.

Ninaowasemea hasa ni wanaosimama kutwa: mlinzi wa getini, dada wa kaunta, mhudumu wa mapokezi. Mwajiri ametandika marumaru za mamilioni, na kipande cha mkeka wa kusimamia kimemshinda. Mkeka huo uwe mgumu kiasi, wa sentimita 1.5 hadi 2, wenye kingo zilizolala ili mtu asijikwae. Wa watoto haufai: ukizama mno, misuli ya mguu inahangaika kutafuta mizani saa zote na uchovu unazidi. Wafanyakazi nao waudai kwenye vikao kama wanavyodai feni.