Mtutu ukivuka nyuzi 90

Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola kuna kanuni inayotugawanya kila msimu: ukivunja sharti la usalama mara moja, hata kama hakuna aliyeumia, umetoka. Hupewi onyo kwanza. Juzi, nje kidogo ya Nakuru, tuliibishania mpaka chai ikapoa.

Kijana mmoja alikuwa ametoka Kisumu saa kumi alfajiri, akapitia Ahero na Kericho. Uwanjani, kwenye kituo cha tatu cha kulenga, ilimbidi akimbie kuelekea kushoto, naye ni wa mkono wa kulia, huku anabadilisha magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kitako cha bastola. Ukifanya hivyo, mkono wenye bastola hujikunja karibu na kifua, kitako cha bastola kinageuzwa kuulekea mkono wa kushoto unaoleta magazini, na mtutu unafuata kiwiliwili. Hatua mbili tu, na mtutu ukawa umevuka nyuzi 90 kutoka uelekeo wa kulenga: umeliacha tuta la udongo linalozuia risasi, unatafuta upande tuliosimama sisi. Mwamuzi nilikuwa mimi. Nikapaza amri ya kusimama. Akatoa risasi, akanionyesha chemba tupu, akavuta triga akilenga tutani pasitoke kitu, akairudisha bastola kwenye mkoba wake. Saa nne ilikuwa haijafika, na siku yake imekwisha.

Mzee mmoja, mlengaji wa miaka mingi, alimtetea kwa moyo wote, na hoja zake zina uzito. Kijana kalipa kiingilio, mafuta ya gari na risasi, na risasi si bei ya njugu. Kidole chake kilikuwa nje ya triga muda wote. Isitoshe, kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano haya lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, zinamruhusu aliyeondolewa kukata rufaa akidai kulikuwa na mazingira ya kipekee, lakini kosa lenyewe, kama alivyolieleza mwamuzi, halipingwi. "Jicho lako moja, nusu sekunde," akaniambia, "na mtoto wa watu anarudi Kisumu mikono mitupu." Hapo alinigusa.

Hata hivyo sikubadilisha neno. Risasi ya milimita 9 yaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na wenzetu walikuwa hatua chache tu nyuma yangu. Masharti yamepangwa yalindane: kidole kikiteleza, mtutu unaotazama tutani unatuokoa, mtutu ukipotea, kidole kilicho nje ndicho kinatuokoa. Kijana alikuwa amebakiwa na kinga moja. Ndiyo maana hata bastola tupu ikikuponyoka nje ya zamu yako, kuiangusha si kosa, ila ukiinama kuiokota umetoka. Anayeiokota ni mwamuzi, kwa sababu mkono unaodaka kitu kwa mshtuko hauchagui pa kushika.

Lakini kinachonifanya niitetee zaidi kanuni hii ni jinsi tunavyoishi. Uwanjani huja afisa mstaafu, huja mfanyabiashara aliyegharamia mahema, huja mtu ambaye kila mmoja anamwita mheshimiwa. Mwamuzi huenda ni kijana wa miaka 28. Mpe nafasi ya kuchagua kati ya onyo na kumwondoa mtu, uone nani ataonywa. Asiye na mtu ataondolewa vilevile, mkubwa ataambiwa, "Pole mzee, angalia kidogo." Kanuni isiyo na nafasi ya kubembelezana inamwezesha mdogo kumwambia mkubwa "umetoka" bila kumkosea heshima, maana si yeye aliyeamua.

Ninapokubaliana na mzee ni katika tunavyowatendea walioondolewa. Nimeona mtu akichekwa, akafunga mizigo kabla ya adhuhuri, asionekane tena. Yeye bado ana leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha, bado anatembea na bastola mjini, na kosa lake ameondoka nalo bila mtu kumwonyesha lilipoanzia. Aelezwe palepale, kwa sauti ya chini. Abaki abandike vibandiko vya kuziba matundu ya risasi kwenye shabaha, atazame wengine wanavyopita pale alipokosea. Kiingilio cha mara ijayo kipunguzwe. Na sisi tunaopanga vituo tujiulize kwa nini tunamkimbiza mgeni kuelekea kushoto wakati magazini yake ya kwanza inaisha. Kusogeza shabaha mbili kungetosha abadilishe akiwa amesimama. Pale panapobidi mbio hizo, awepo mwamuzi wa pili, ili jicho lisiwe moja.

Kijana hakuondoka. Alasiri nilimkuta nyuma ya hema na mzee yuleyule, wote mikono mitupu. Mzee amemshika kifundo cha mkono, anamgeuzia kiganja kuelekea tutani, wanatembea kwenda kushoto polepole. "Tena," mzee akasema. Wakarudi walipoanzia.