Orodha ya wasioweza kukimbia

Kila masika yakikaribia, magrupu ya mtaa hujaa picha zilezile: vijana thelathini wamevaa reflekta mpya, vyeti mkononi, bango la mafunzo ya maafa nyuma yao. Vijana wenyewe sina neno nao. Wana moyo, na mto ukifurika ndio wanaowahi kabla gari la Zimamoto halijapata pa kupita kwenye vichochoro vyetu. Kinachoniudhi ni hesabu inayofuata: vyeti vimetolewa, kwa hiyo kikosi cha uokoaji cha mtaa kipo. Hakipo. Uliza swali moja tu: nani katika mtaa huu hawezi kutembea, na analala chumba kipi? Watu watatazamana.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa jijini Dar es Salaam, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Tangu hapo tumebishana sana juu ya mitaro, kingo na kuhama bonde la Jangwani, lakini tumesema machache mno juu ya wale wanaobaki chumbani maji yakiingia. Mwenye miguu mizima hutoka mwenyewe, hahitaji reflekta ya mtu. Anayebaki ni bibi aliyepooza. Ni mzazi aliyefanyiwa upasuaji wiki iliyopita. Ni kiziwi asiyesikia spika ya msikiti. Ni watoto wawili waliofungiwa kwa kufuli la nje kwa sababu mama yao ameondoka alfajiri kuwahi samaki Feri. Hao ndio kazi ya kikosi, na hakuna mafunzo ya siku tatu yatakayokuambia wako wapi.

Daftari ndilo litakalokuambia. Daftari la kawaida la kaunta, safu nne: jina, nyumba na chumba, msaada anaohitaji, na majina ya watu wawili watakaomtoa pamoja na mahali watakapompeleka. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa kazini. Na wasiwe walinzi wa usiku wote wawili, maana hapo umeandika majina bure. Kwa watoto wa kufuli la nje, safu ya tatu inaandikwa ufunguo wa pili uko kwa jirani gani. Ugonjwa usiandikwe. "Anabebwa na watu wawili" inatosha. Anayeumwa nini ni siri yake, na siku daftari litakapopitishwa kwenye grupu la simu, ndiyo siku watu wataacha kusema ukweli.

Hapa ndipo mambo huharibika, hata pale ambapo daftari lipo. Nyumba ya vyumba sita na korido katikati ina kaya sita, na mwenye nyumba pengine anaishi Chanika. Kodi hulipwa ya miezi mitatu au sita. Ikiisha, mtu anafunga kitanda chake kwenye guta anahama. Daftari lililoandikwa Machi, vuli ikifika Oktoba lina majina ya watu waliokwisha kwenda Mbagala, na bibi aliyehamia Julai hayumo. Kwa hiyo linapitiwa kila baada ya miezi mitatu, shina kwa shina, yaani kila kundi la nyumba kama kumi, pamoja na mjumbe wake. Shina moja halimalizi saa mbili. Na kabla ya kugonga mlango wowote, anzeni kwa mama wa genge pale kona. Anajua nani amejifungua na nani hajaonekana siku nne kuliko ofisi yoyote ya mtaa.

Nakala ziwe mbili, za karatasi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa: moja kwa mjumbe, nyingine nyumba iliyo kwenye mwinuko. Umeme ukikatwa, simu yenye orodha huzima chaji ikiisha.

Vijana wa vyuo na wakazi waliochora ramani za mafuriko chini ya mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015 walifanya kazi kubwa, naiheshimu kabisa. Wamechora nyumba na mitaro, na maji yalifika wapi. Lakini aliyelala ndani ya nyumba hiyo leo usiku haonekani kwenye ramani. Hata Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, yenye kamati mpaka ngazi ya mtaa, haitamwandika mtu jina mpaka mtu atembee.

Sasa kamba, kwa sababu hapa kosa humuua mwokoaji mwenyewe. Maji yanayokimbia, yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima. Msimfunge kijana kamba kiunoni halafu mkamtuma aingie: akiteleza, kamba inamshikilia pale pale na maji yanampita juu ya kichwa. Gambuti nazo hujaa maji zikawa mzigo. Avae raba zilizofungwa vizuri. Chukueni mita 20 za kamba ya plastiki inayoelea. Kateni kipande dukani, kitupeni kwenye ndoo, kikizama, msiinunue. Fungeni ncha moja kwenye mkono wa dumu la lita 5, lenye maji kikombe kimoja ndani ili upepo usilipeperushe, mfuniko umekazwa juu ya kipande cha nailoni. Kamba iliyobaki ishushwe ovyo ndani ya ndoo, isizungushwe mkononi, la sivyo itajikunja hewani. Anayerusha alenge kupita kichwa cha anayezama, kamba imwangukie begani. Akishaishika, msivutane na mto. Kazeni miguu, mshikilie, maji yenyewe yatamsukuma kwenye ukingo.

Mengine kwa haraka. Betri za kipaza sauti zitolewe masika yakiisha, zikiachwa ndani huvuja. Meni switchi izimwe kabla maji hayajafika kwenye soketi, siyo baada. Namba za watu wa Pugu na Gongo la Mboto ziwe kwenye simu zenu, kwa maana mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na unaweza kuwajia Kigogo na Jangwani hata kama kwenu kuna jua. Na ufunguo wa stoo ya vifaa usiwe wa mtu mmoja.

Reflekta nazikubali kwa jambo moja: usiku wa maji humtofautisha mwokoaji na anayebeba televisheni ya mwenzake. Ila wanaosema kujitolea hakuna malipo, na hapo wakafunga mazungumzo, siwaelewi. Dereva wa bodaboda akikesha mtoni, kesho bosi anataka hesabu yake kamili. Mnunulieni vocha, mpeni chakula, glovu, na chanjo ya pepopunda, kwa kuwa anakanyaga mabati na maji ya vyoo vilivyotapishwa. Fedha ya bango moja na posho za siku ya ufunguzi ingetosha sehemu kubwa ya hayo.

Picha ya mafunzo ikiingia kwenye grupu lenu wiki hii, jibuni kwa kuuliza: daftari liko kwa nani, na lilipitiwa lini?