Maji ya Mgongo kwa Mzee Anayesahau

Mombasa, mzee akiuliza swali lile lile mara tano chai haijapoa, jamaa husema ni uzee. Akipotea njia ya kurudi nyumbani kutoka msikitini, watu huanza kunong'ona habari za majini. Wakati huo huo, maji ya uti wa mgongo yanaweza kuonyesha kama ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu: protini ya amiloidi inapoganda ubongoni hupungua kwenye maji hayo, na nyingine iitwayo tau hupanda, aghalabu miaka mingi kabla ya dalili.

Wanaokitetea kipimo hiki wana hoja. Sindano yenyewe inaogopwa bure, eti inapoozesha. Huchomwa chini ya pale uti wa neva ulio ndani ya mgongo unapoishia, na kina mama wengi waliopasuliwa kujifungua wameshachomwa ya ganzi mahali hapo hapo. Maji yanayotolewa ni vijiko viwili vitatu vya chai. Kichwa huweza kuuma siku kadhaa. Madhara makubwa ni nadra. Na jina la ugonjwa si jambo dogo katika Pwani hii, ambako huko Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi.

Ila amiloidi ina tabia ya kunata kwenye kuta za chupa. Bila mirija maalumu, kiwango husomeka chini kuliko kilivyo, na mzee asiye na ugonjwa akabandikwa jina lake. Hata kipimo kikiwa sahihi, wapo wenye amiloidi waliozikwa na akili zao timamu. Dawa nayo? Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, hupunguza kasi tu, kwa walio hatua za mwanzo, tena kwa picha za ubongo za mashine ya MRI za mara kwa mara kwa hofu ya ubongo kuvimba au kuvuja damu.

Kwa kufuatilia ugonjwa ndiyo sioni faida yake kabisa. Amiloidi ikishashuka hukaa pale pale miaka. Binti anayemwogesha mzee anajua zaidi.

Kwa hiyo kwanza apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, HIV, sukari na presha, maana humo mna yanayotibika. Maji ya mgongo ningeyataka kwa mfanyabiashara wa miaka 52 pale Marikiti aliyeanza kukosea chenji: ana madeni, ana watoto shuleni, na anayo bado akili ya kupanga nani ashike duka. Bibi wa miaka 84 asiyemtambua mwanawe, hapana, mwacheni na mgongo wake.